Nani Amefuta Sauti ya Célestin

Angèle alikuwa bado ameshika kikombe cha chai alipoambiwa, mbele ya wafanyakazi wote wa redio, kwamba amemuua Célestin mara ya pili.

Maneno yenyewe ndiyo hayo hayo. Directeur Florent hakuyanong'ona, wala hakumwita pembeni kama mtu mwenye adabu zake. Aliyasema katika mkutano wa Jumatatu asubuhi, amesimama wima, tai shingoni, watangazaji wakitafuna mandazi. Kila mmoja akaacha kutafuna.

"Mara ya kwanza Mungu njo alimuchukua," alisema. "Mara ya pili, ni wewe. Archives yote ya marehemu haionekane tena mu machine. Na mot de passe ya kufungua ile machine iko kwa nani? Iko kwa Angèle."

"Directeur, mi nilikuwa ku kilio. Tangu vendredi nilikuwa Lac Vert kwa mama Niyigena, mujane wa Célestin, tunapika, tunaosha sahani. Sikukanyaga hapa hata kidogo."

"Kufuta kitu haiombe siku muzima. Uliweza kufuta kwanza, mbele ya kwenda. Na batu bote banajua juu ya nini. Wasikilizaji wanapiga simu, wanauliza paka yeye tu, Célestin, Célestin, na wewe ilikuwa inakuuma. Ni wivu, Angèle. Wivu juu ya maiti!"

Wivu juu ya maiti! Tusi la namna hiyo halijatengenezewa jibu. Ukiitwa mwizi utasema nipekueni. Ukiambiwa unamwonea wivu mtu aliye chini ya udongo, tena mtu uliyemlilia mpaka sauti ikakauka, utasema nini? Angèle aliweka kikombe mezani kwa kishindo, directeur asije akafikiri kwamba ni hofu. Ilikuwa hasira tupu.

Célestin Habarurema ndiye aliyemfundisha kazi. Angèle alitoka Butembo na diploma yake ya informatique, akaajiriwa hapa Redio Jiwe Jeusi, nyumba ya ghorofa moja katika mtaa wa Himbi, mjini Goma. Kompyuta alikuwa anazijua. Redio hakuijua. Célestin alimwonyesha jinsi ya kukinga mikrofoni isimezwe na upepo wa ziwa, na jinsi ya kumwacha mzee avute pumzi mpaka mwisho kabla hujamuuliza jambo jingine. Angèle alimwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka au dada yake mkubwa, na Célestin aliitika hivyo hivyo.

Kwa miaka mingi mtu huyo alizunguka na kinasa sauti chake begani. Aliwanasa wavuvi wa Kituku wakiimba ili makasia yaende pamoja. Aliwanasa akina mama wa Lac Vert wakibishana huku wakiambua maharage, na mashangazi wa Kalengera wakimwimbia bibi harusi zile nyimbo za kumkanya na kumcheka. Mwanzoni mwa kila kazi alitaja kwa sauti yake mahali alipo na hali ya hewa ilivyo. Wengi wa watu hao leo hawapo, au wametawanyika mahali ambapo hata jamaa zao hawapajui. Sauti zao zilibaki redioni.

Zilibaki mahali pa ajabu kidogo, na ni lazima paelezwe, maana kisa chote kimesimama hapo. Ndani ya kompyuta kubwa ya ofisi, Célestin alikuwa ametengeneza kompyuta nyingine isiyo na mwili, ile mafundi wanayoiita machine virtuelle. Unaiwasha, unaizima, ina diski yake kama kompyuta yoyote. Ila diski hiyo si chuma. Ni faili moja tu, kubwa, nzito, iliyowekwa ndani ya ile kompyuta ya kweli. Siku ya kuitengeneza, programu ilimwomba jina, naye hakuwa na jina jingine karibu, akaandika célestin. Kila kitu alichokusanya kikaingia humo.

Nakala haikuwapo. Angèle aliomba diski ya nje ya kuwekea nakala, akaomba tena, akaomba mpaka akaanza kuona haya yeye mwenyewe. Directeur alijibu kila mara kwamba itakuja. Zulia jipya la ofisi ya directeur lilikuja. Diski haikuja.

"Sasa tunafanya hivi," directeur alikuwa anaendelea. "Nimeita ingénieur kutoka inje. Ataformater machine, aweke kila kitu upya, tuanze na moyo safi. Emission ya radio haiwezi kusimama."

Kuformater ni kusafisha kila kilichomo. Kama sauti zile zilikuwa bado zimejificha mahali fulani ndani ya kompyuta ile, basi mchana huu zingekwisha kabisa, na hakuna fundi wa Goma wala wa Ulaya ambaye angezirudisha zote.

"Kuformater mbele ya kutafuta kwanza?" aliuliza.

"Tutafute wapi? Machine yenyewe imeandika: fichier introuvable, haionekane. Introuvable, Angèle! Kintu haipotee yenyewe. Mutu njo anaipoteza. Weka funguo hapa ku meza, uende nyumbani ungoje vile tutaamua."

Aliweka funguo mezani. Nyumbani hakwenda. Alipanda ngazi akaketi kwenye benchi mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta, akavuka mikono kifuani, akakata shauri kwamba atakayemtoa pale amtoe kwa kumbeba.

Hapo ndipo Héritière, karani wa redio, alipomfuata, akaketi karibu naye na kutazama sakafu.

"Yaya Angèle, kuko ingine. Afazali uisikie kwangu. Jana, kisha messe ya kanisa, directeur alimupigia mama Niyigena."

"Kumwambia nini?"

"Yule mama aliombaka sauti ya bwana yake, juu ya batoto. Directeur akajaribu kufungua machine, ikakataa, akamujibu haiwezekane tena. Akasema ni wewe ulifuta."

Angèle alitoa simu. Ikalia, ikakatwa. Akapiga tena, ikalia mara moja tu, ikakatwa. Basi hili ndilo lililomchoma kuliko kazi, kuliko funguo, kuliko mandazi yaliyokwama vinywani mwa watu. Alikuwa amelala kwenye mkeka mmoja na Niyigena kilio chote. Jumamosi, matanga yalipomalizwa na mjane akavua nguo za msiba, alimwegemea Angèle begani ili asianguke. Sasa mwanamke huyo huyo alikuwa ameketi Lac Vert akiamini kwamba bega lile lilikuwa la mnafiki. Angèle alilia kidogo, akajifuta, kisha akakasirika kwa sababu amelia.

Ingénieur aliyeitwa alifika kabla ya saa ya kula. Jina lake Rodrigue, mtu mpole mwenye mkoba mgongoni na vumbi la pikipiki kwenye viatu. Directeur alimtangulia kwenye ngazi akimweleza habari za wivu. Walipofika mlangoni walimkuta Angèle amesimama katikati ya mlango.

"Bonjour ingénieur. Ukitaka kuformater hii machine, utanikanyaga mi kwanza."

"Unaona?" directeur akasema. "Unaona vile iko?"

Rodrigue hakumkanyaga mtu. Alitua mkoba chini akauliza, "Machine iliandika nini, kweli kweli?"

"Fichier introuvable," walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Introuvable haiko kusema imefutwa. Ni kusema inatafuta kitu, na haikioni pale ilizoea kukiona."

"Ingénieur," directeur akasema kwa ukali, "nimekuita juu ya kuformater, haiko juu ya kusikiliza kesi."

"Papa directeur, mi siformatake machine mbele ya kuangalia mu tumbo yake. Ikiharibika, watasema ni Rodrigue." Akamgeukia Angèle. "Ingia, dada. Wewe njo unajua hii nyumba."

Kwa hiyo waliingia. Directeur akaingia nyuma yao ili mambo yasifanyike bila yeye, na wafanyakazi wengine wakajipanga mlangoni ili wasikose kitu. Angèle akawasha kompyuta kubwa, akafungua folda ambamo diski ile hukaa, akaanza kusoma majina.

Hakuhitaji kusoma mengi. Faili kubwa ilikuwapo. Ilikuwa imelala pale pale ilipolala siku zote, na uzito wake wote, haikupungua hata punje. Ila haikuitwa tena célestin. Iliitwa FEU célestin.

Rodrigue alivuta kiti karibu. "Nani ameandika hii?"

Watu wakasogea kusoma. Feu ni neno la kuwatajia marehemu. Hapa kwetu mtu akishazikwa, jina lake halitajwi tena hivi hivi mbele ya watu kama la mtu unayemwita aje kula. Kanisani watasema feu fulani, kwenye matangazo ya vifo watasema feu fulani, na ukijisahau, mama yako mkubwa atakukatiza katikati ya sentensi akurekebishe. Adabu hiyo kila mmoja chumbani alilelewa nayo. Lakini nani aliyeipeleka adabu hiyo ndani ya diski?

Directeur alivaa miwani, akainama, na uso wake ukang'aa kabisa.

"Aa, ile! Ile ni mimi."

Alisema kwa fahari, hebu fikiria. Kwa fahari!

"Samedi asubuhi, mbele ya kwenda ku kilio, nilipita hapa kuimprimer photo yake ku karatasi. Machine zilikuwa zimezimwa zote, nikawasha hii moja. Njo nikaona jina yake iko pale, wazi, vile vile, sawa mutu muzima. Nikasikia mubaya. Ku messe walisema feu, mi mwenyewe mu discours yangu ya mazishi niliandika feu, na hapa ku kazi yake tunamwacha bila heshima? Nikaandika. Ni mubaya?"

"Uliingia na mot de passe gani, directeur?" Angèle aliuliza taratibu.

"Ile ulinipa."

Ile aliyompa. Wiki ile ile ya mazishi directeur aliidai, akisema ndani ya nyumba hii hakuna mlango ambao directeur hana ufunguo wake. Na asubuhi ya leo, mbele ya chai na mandazi, ufunguo huo ulikuwa umegeuka kuwa wa Angèle peke yake.

Rodrigue alieleza kwa upole, akionyesha kwa kidole. Kando ya faili kubwa kuna faili ndogo ndogo, na mojawapo kazi yake ni kuiambia mashine diski yako inaitwa hivi, nenda uichukue. Hiyo ndogo bado ilikuwa inasema célestin. Mashine ilienda kumwita célestin, hakuitika mtu, ikarudi kusema haimwoni. Hakuna kilichofutwa wala kilichoibwa.

"Na kama tungeformater?" Héritière aliuliza kutoka mlangoni.

"Ingeisha yote," Rodrigue akasema.

Angèle hakujua acheke au alie, akaona vyote viwili ni kumpa directeur zawadi. "Toka," alimwambia Rodrigue, naye akampisha kwenye kiti. "Natoa ile feu."

"Hapana!" Directeur alinyoosha mkono juu ya kompyuta. "Hiyo hapana. Kumutoa feu ni kumutukana marehemu. Mbele ya batu bote hawa! Unataka kusema hakukufa?"

Na tumtendee haki: hakuwa anaigiza. Mtu yule aliamini kwa moyo wake wote alichokisema, na mlangoni palikuwa na vichwa viwili vitatu vilivyotikisika kumuunga mkono. Hata Rodrigue alijikuna shingo. Alisema njia ya pili ipo: jina libaki hivyo hivyo, na badala yake ifunguliwe ile faili ndogo, iandikwe ndani yake kwamba sasa diski inaitwa FEU célestin. Mashine itatii, na heshima itabaki.

"Voilà," directeur akasema. "Ingénieur ana akili."

"Akili iko," Angèle akajibu, "lakini hapana." Sauti yake ilikuwa imepanda na hakuishusha. "Directeur, Célestin alikufa, mi najua. Nilimwaga udongo ku kaburi yake na hii mikono. Pale ku kaburi kumeandikwa feu, na inatosha. Hii hapa haiko yeye. Hii ni kazi yake, na kazi yake haijakufa, ni wewe ulitaka kuiua leo mbele ya saa ya kula. Heshima! Heshima ni diski ya kuweka kopi, niliiomba mpaka nikachoka. Heshima ni kuuliza mbele ya kuita mutu muuaji."

Hakungoja ruhusa. Alibonyeza juu ya jina, akafuta herufi zile tatu na nafasi iliyozifuata, akapiga kitufe. Kisha akaiwasha mashine.

Skrini ikawa nyeusi. Ikaandika mistari yake, ikanyamaza, ikaandika tena, na chumba kizima kilikuwa kinaisoma bila kuielewa. Hatimaye picha ya mbele ikatokea, na folda zote zilikuwapo, Kituku, Lac Vert, Kalengera. Angèle alifungua ya kwanza iliyomjia chini ya kidole.

Upepo, maji yakigonga mbao, kikohozi. Halafu Célestin, karibu kabisa na mikrofoni: "Niko Kituku. Ni asubuhi, mawingu iko mengi, ziwa imetulia."

Héritière alijifunika uso na kitambaa chake. Mmoja wa watangazaji alitoka nje. Angèle alibaki akitazama skrini, na kwa muda ule mfupi hakuwa na hasira na mtu, alikuwa anasikiliza tu. Sauti ilikuwa ya mtu mzima wa afya, mwenye haraka kidogo ya kuanza kazi.

Muda ule ulikatizwa na makofi. Directeur Florent alikuwa anapiga makofi.

"Mungu ni mwema! Munaona? Mungu ni mwema. Haya, basi, kila mutu ku kazi. Angèle, chukua funguo zako, urudie ku nafasi yako. Nimekusamehe."

Amemsamehe! Kumbe alikuwa mkosaji, na sasa amepata msamaha, bure kabisa, tena mbele ya mashahidi. Angèle aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Piga simu kwa mama Niyigena."

"Nitamupigia kesho, leo niko na rendez-vous nyingi."

"Sasa hivi. Hapa. Na haut-parleur, wote wasikie."

Directeur akamtazama Rodrigue, mwanamume kwa mwanamume, akitafuta msaada. Rodrigue alikuwa ameshatoa diski yake mwenyewe mkobani na kuichomeka, nakala imeanza kutembea. "Mi niko na wakati, papa directeur," alisema bila kuinua kichwa. "Kopi itakawia."

Mlangoni hakuna aliyesogea kumpisha. Basi akatoa simu, akapiga, akaiweka juu ya meza. Ilipokelewa upesi.

"Mama Niyigena, bonjour! Ni directeur. Niko na habari nzuri. Sauti ya bwana yako, feu Célestin, imeonekana, yote, nzima. Ilikuwa kashida kadogo ka machine."

Upande wa pili zilisikika sufuria zikigongana na mtoto akililia kitu. Kisha sauti ya Niyigena, bila haraka.

"Shida ya machine."

"Ee, mama. Ya machine."

"Machine njo ilinipigia simu jana?"

Directeur akavua miwani, akaipangusa.

"Nakuuliza, directeur. Machine njo iliniambia Angèle amefuta bwana yangu? Asubuhi hii ameniita, mi namukatia. Mutoto wa watu alilala na mi ku mukeka, akaosha sahani za kilio yangu, na mi namukatia simu sawa mwizi. Ile yote ni machine?"

"Mama, ilikuwa... mi nilibadilisha jina kidogo, juu ya heshima. Ni mimi. Angèle hakufuta kitu." Maneno hayo aliyasema akiwa ameinamia simu, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Sisikie muzuri. Sema na nguvu. Jana wakati ulinipigia, haut-parleur ilikuwa wazi, famille yote ya Célestin ilisikia. Na leo bado beko hapa, bote."

Directeur Florent alitazama mlangoni, akakuta nyuso zote za redio yake. Akalegeza tai.

"Ni mimi," alisema kwa nguvu. "Ni mimi nilipoteza ile kitu. Angèle hakufanya kitu."

Huko Lac Vert mwanamke mzee akauliza kwa mbali, "Anasema ni nani?"

"Ngoja, mama mukwe," Niyigena akamjibu, "atarudilia."

Akarudia.